Salari slipu yako: NSSF kwanza, kodi baadaye

Dada mmoja anayefanya kazi ghalani Kurasini alinifuata muda wa chakula cha mchana, salari slipu yake imekunjwa mara nne. "Kaka, hebu nitazamie. Kila mwezi nahisi napunjwa." Kuandaa mishahara ndiyo kazi yangu hapa Dar, basi tukasogeza sahani pembeni tukachukua kalamu. Kweli alikuwa anapunjwa, Sh 36,000 kila mwezi. Chukua slipu yako, tupite njia ileile.

Hatua ya 1: Tafuta mshahara ghafi
Ni mshahara wa msingi ukijumlisha posho. Yeye ana msingi wa 1,000,000 na posho ya nyumba 200,000, jumla 1,200,000. Posho ya nyumba ukilipwa taslimu inatozwa kodi, hata ikiandikwa mstari wake peke yake.

Hatua ya 2: Toa mchango wa NSSF (Mfuko wa Taifa wa Hifadhi ya Jamii)
Hapa ndipo wengi wanapoumia. Mfanyakazi wa sekta binafsi kwa kawaida hukatwa asilimia 10 ya ghafi, na mwajiri anaweka 10 nyingine. Mchango wako unatolewa kabla kodi haijakokotolewa. Kwa dada huyu ni 120,000, kwa hiyo kinachotozwa kodi ni 1,080,000. Siyo 1,200,000.

Hatua ya 3: Kokotoa PAYE (kodi ya mshahara inayokatwa na mwajiri)
Kwa viwango vilivyoanza Julai 2021 Tanzania Bara, 270,000 ya kwanza ya mwezi haiguswi. Kutoka hapo hadi 520,000 ni asilimia 8, hadi 760,000 ni 20, hadi 1,000,000 ni 25, na kinachozidi milioni ni 30. Kila kiwango kinagusa kipande chake tu, kwa hiyo usiogope kupandishwa mshahara ukidhani asilimia 30 itakula fungu zima.

Milioni ya kwanza inabeba kodi ya 128,000. Ile 80,000 iliyozidi, asilimia 30 yake ni 24,000. Jumla 152,000.

Slipu yake ilisema 188,000. Aliyeiandaa alitoza kodi kwenye 1,200,000 yote, ndipo akakata NSSF. Kupanga mistari kinyume tu, na kwa mwaka 432,000 zinampotea mama mwenye watoto wa kusomesha. Jambo hili linaniuma.

Hatua ya 4: Makato mengine
Bodi ya Mikopo ya elimu ya juu (asilimia 15 ya mshahara wa msingi), SACCOS, mkopo wa benki: yote huja baada ya kodi na hayapunguzi PAYE hata senti. SDL (tozo ya kuendeleza ujuzi) na WCF (mfuko wa fidia kwa wafanyakazi) analipa mwajiri mwenyewe. Ukizikuta kwenye makato yako, uliza siku hiyohiyo.

Hatua ya 5: Peleka hesabu yako
Iandike kwenye karatasi, ambatisha nakala za slipu, mpelekee mhasibu kwa heshima. Mwajiri anatakiwa kuwasilisha PAYE TRA ndani ya siku 7 baada ya mwezi kuisha, kwa hiyo wahi kabla hajawasilisha. Ukiwa hapohapo, omba pia taarifa ya michango yako NSSF, uone kama kilichokatwa kimefika.

Dada alinakili hesabu yetu nyuma ya slipu ileile akaipeleka Jumatatu. Mwezi uliofuata mstari wa PAYE ulisomeka 152,000. Ya miezi iliyopita bado tunaifuatilia.