Somo: Jinsi ya kuripoti pakeji iliyopitwa na wakati kwenye Arch Linux

Wakuu, habari za jioni. Juzi hapa Sinza mdogo wangu mmoja alinijia na laptopu: "Kaka, programu hii imezeeka, nimeshaipigia bendera." Yaani ameshairipoti kwenye tovuti ya Arch Linux, mfumo endeshi anaoutumia, kwamba pakeji yake (programu iliyofungashwa tayari kusakinishwa) imepitwa na wakati. Tukafungua tukaangalia. Toleo jipya alilolitaja lilikuwa beta, yaani la majaribio. Bendera ile imeshafika kwenye barua pepe ya mtunzaji wa pakeji, mtu anayejitolea bila malipo, na muda wake umepotea bure. Ndiyo maana naandika somo hili.

Hatua ya 1. Usiamini laptopu yako peke yake. Amri ya pacman -Si (pacman ndiyo programu ya Arch ya kusakinisha pakeji) inakuonyesha toleo lililokuwepo kwenye seva ya nakala unayotumia mara ya mwisho ulipooanisha nayo, na seva hiyo yenyewe inaweza kuwa imechelewa siku kadhaa. Fungua ukurasa wa pakeji kwenye archlinux.org/packages. Namba ya pale ndiyo ya kufuata.

Hatua ya 2. Nenda kwa wenye programu, kwenye tovuti yao rasmi, uone toleo thabiti la mwisho. Alpha, beta na rc zote ni za majaribio, hazihesabiki.

Hatua ya 3. Tafuta pakeji hiyohiyo kwenye core-testing na extra-testing, maghala ya majaribio ya Arch. Ukiikuta, mtunzaji ameshaanza kazi. Subiri.

Hatua ya 4. Sasa bonyeza Flag Package Out-of-Date. Weka barua pepe na ujumbe wa Kiingereza, maana watunzaji wametapakaa dunia nzima. Mistari miwili inatosha: namba ya toleo jipya, na kiungo cha tangazo lake. Kuandika "tafadhali sasisheni" tu hakumsaidii mtu, itabidi akatafute mwenyewe.

Programu ikigoma kufunguka, hiyo ni hitilafu, inaripotiwa kwenye GitLab ya Arch, tovuti yao ya kupokea ripoti za hitilafu. Bendera haihusiki kabisa.

Kwa AUR, ghala la pakeji zinazoletwa na watumiaji wenyewe, lazima uwe na akaunti ndipo upige bendera. Na pakeji zinazoishia na -git msizipigie bendera kwa sababu tu msimbo umebadilika. Zinavuta msimbo wa siku hiyohiyo unapozijenga.

MASWALI

Mkuu, ghala lina 4.2.1-3 lakini kwa wenye programu naona 4.2.1. Zinatofautiana?

Hapana, ni toleo lilelile. Hiyo 3 baada ya kistari inahesabu mara ambazo Arch wameijenga pakeji.

Shukrani kwa somo. Mimi natumia Debian thabiti (stable), mfumo mwingine wa Linux, karibu kila kitu ni cha zamani. Niripoti wapi?

Dada, kwenye Debian thabiti ndivyo ilivyokusudiwa. Viraka vya usalama vinatiwa kwenye toleo lilelile la zamani, kwa hiyo namba ndogo si ushahidi wa hatari. Mwaka 2024 xz (programu ya kubana mafaili) 5.6.0 na 5.6.1 zilipogundulika zimepandikizwa mlango wa siri, Debian thabiti haikuwa nazo. Angalia sid kwanza, tawi la Debian lenye matoleo mapya. Kama hata huko toleo jipya halipo, tuma ripoti kwa reportbug, programu ya Debian ya kuripoti, uzito wake chagua wishlist, yaani ombi tu.

Nimepiga bendera wiki mbili zimepita, kimya. Nimwandikie mtunzaji?

Usimwandikie bado. Ukiona tarehe ya bendera kwenye ukurasa, ujumbe umefika. Pengine anasubiri kitu kingine: lugha ya Python ikipanda kutoka 3.12 kwenda 3.13, kwa mfano, pakeji zote zinazoitegemea hujengwa upya kabla hazijatoka testing.