SOMO: Mtu kagongwa na nyoka, ufanyeje

Wiki hii peke yake nimeulizwa mara nne kuhusu jiwe la nyoka, lile jeusi linalobandikwa kwenye jeraha eti linyonye sumu. Naandika mara moja. Atakayeuliza tena nitamrushia hii.

1. Sogeeni mbali. Nyoka aachwe aende zake.

2. Mvue pete, bangili, saa na viatu kabla hajavimba.

3. USIKAZE KAMBA. Hapa ndipo nilipoharibu. Mdogo wangu aligongwa na kifutu tukiokota korosho. Nikachomoa mpira wa baiskeli uliofungia gunia, nikaukaza chini ya goti kwa nguvu zangu zote, nikajiona daktari. Masaa matatu baadaye, hospitali, mguu ulikuwa mweusi, umejaa malengelenge. Sumu ya kifutu inakula nyama palepale. Ukikaza unaifungia humo na damu unaizibia njia. Alikatwa vidole viwili. Hadi leo kandambili ya kulia inamchomoka akitembea.

Ukimkuta ameshafungwa, USIKATE njiani. Sumu iliyojikusanya inaweza kushuka kwa mpigo. Wahudumu ndio wafungue, dawa ya sumu ikiwa tayari.

Usichanje, usinyonye, usipake mafuta ya taa.

4. Kiungo kisitikisike. Banzi na khanga iliyolegea vinatosha.

5. Kumbuka saa aliyogongwa. Kwenye bodaboda akae katikati, mtu amshike kwa nyuma. Piga simu kwanza kuuliza kama dawa ya sumu ya nyoka ipo. Zahanati nyingi hazina. Maumivu: parasetamoli, siyo diklofenaki wala aspirini.

MASWALI

— Mkuu, lile jiwe jeusi je? Babu yangu lilimponya.

Umesoma mstari wa kwanza? Ni mfupa uliochomwa. Nyoka wengine hawana sumu, na wenye sumu wakati mwingine hugonga bila kuimwaga. Babu angepona hata kwa kokoto.

— Shikamoo kaka. Daktari alimtoa mama damu akaiacha mezani. Tulidhani katusahau.

Marahaba. Hakuwasahau, hicho ni kipimo. Mililita 2 kwenye chupa kavu ya kioo, haiguswi dakika 20, kisha inainamishwa mara moja. Ikichuruzika, damu imeshindwa kuganda na dawa inahitajika. Lakini kwa koboko usitegemee chupa: sumu yake inalegeza misuli. Tazama kope zikianguka, mate yakimshinda kumeza.

— Mtoto anapewa nusu dozi ya dawa ya sumu ya nyoka?

Hapana, sawa na mkubwa. Nyoka hampimii mtoto sumu kidogo.

— Nimeshamuua, nije naye?

Usije naye. Picha, tena kwa mbali. Hata kichwa kilichokatwa kinaweza kuuma.

— Swila akikutemea machoni?

Maji mengi, dakika 15 au zaidi, bila kusugua. Kisha hospitali.

— Nyongeza: sisi tulihamisha gunia za mahindi kutoka chumba cha kulala. Panya wakahama, na nyoka hatujamwona tena ndani.

Safi sana. Na usiku tochi, hata ukienda chooni tu. Kifutu ukimkaribia hakimbii, analala palepale njiani akingoja umkanyage.