Kupeleka bunduki ya shabaha Bisley: kibali, mizani na mstari wa kufyatulia

Ikifika mwezi wa tatu, simu yangu haitulii. Ni walengaji wenzangu wa hapa Kenya wanaotaka kwenda Bisley mwezi wa saba, na maswali ni yale yale: kibali cha polisi wa Uingereza kinaombwaje, kinachukua muda gani, risasi nibebe au nisibebe. Nami huwauliza kwanza: unashindana daraja gani? Nusu yao hawajaamua. Basi waiache fomu kwanza. Karibu kila utakachoandika humo kinatokana na jibu la swali hilo, na ukishaandika, kubadilisha ni kazi ya kuanza upya.

Kwa wasioijua, Bisley ni viwanja vya shabaha katika jimbo la Surrey, Uingereza. Wenyewe ni NRA ya Uingereza, yaani chama cha taifa cha walenga bunduki, iliyoundwa 1859, miaka 12 kabla ya ile ya Marekani inayosikika kila siku kwenye habari. Mkutano wao wa kwanza ulikuwa Wimbledon mwaka 1860, na risasi ya kwanza ilifyatuliwa na Malkia Victoria. Walihamia Bisley 1890. Kombe linalotafutwa na kila mtu ni Tuzo ya Mfalme: raundi ya kwanza na ya pili ni yadi 300, 500 na 600, na fainali ya watu 100 hupigwa yadi 900 na 1,000 kwenye uwanja uitwao Stickledown.

Chagua daraja kabla ya kugusa kalamu

Kuna TR, yaani bunduki ya shabaha ya kawaida. Unalala kifudifudi, mkanda umekaza mkono, juu ya bunduki hakuna darubini. Unatazama kwa kitundu cha nyuma na kiduara cha mbele, basi. Kaliba, yaani upana wa risasi kwa inchi, ni mbili tu, .308 na .223. Kanuni za ICFRA, shirikisho la kimataifa la mchezo huu, zinataka kichwa cha risasi cha .308 kiwe chini ya greni 156 (kama gramu 10), na cha .223 chini ya greni 81 (kama gramu 5). Kwenye mashindano makuu ya Bisley, desturi ya TR ni kupewa risasi pale pale uwanjani, aina moja kwa wote. Tajiri na mwenye kuchangisha nauli wanapiga risasi za katoni moja. Kwangu mimi hiyo ndiyo kanuni ya haki kuliko zote katika mchezo huu, na kwa mtu anayetoka Nairobi ina faida nyingine: huna haja ya kupanda ndege na risasi hata moja.

Halafu kuna daraja F, lililoanzishwa na Mkanada George Farquharson kwa ajili ya walengaji ambao macho na viwiko vilikuwa vimechoka. Hiyo F ni ya jina lake. Hapa darubini inaruhusiwa na bunduki inaegemezwa. Nalo limegawanyika mara mbili. F/TR ni .308 au .223 tu, kichwa cha uzito wowote, mbele miguu miwili ya baipodi, nyuma mfuko wa mchanga, na uzito wote usizidi kilo 8.25, darubini na baipodi zikiwa juu. F-Open inaruhusu kaliba hadi milimita 8 na kilo 10, na egemeo la mbele likiwa halijafungwa kwenye bunduki halihesabiwi. Kwenye daraja F wengi hushindilia risasi zao wenyewe, yaani huziunda kwa mkono nyumbani.

Usidhani namba hizo zimewekwa kuwasumbua watu. Bunduki nzito hairuki sana inapopiga, kwa hiyo asiyewekewa mpaka angekuja na chuma cha kubebwa na watu wawili. Breki ya mdomo wa mtutu inapunguza mrusho wa bunduki pia, lakini imekatazwa: mpasuko wake unamrukia jirani aliyelala mita chache tu kutoka kwako, na yeye anahesabu pumzi.

Pima mwenyewe, na upime kila kitu

Hapa nina la kuungama. Mara yangu ya kwanza F/TR niliazima mizani ya mwenye bucha wa mtaani, nikaileta nyumbani, nikaitundika kwenye boriti na kupima bunduki. Kilo 7.9. Nikalala usingizi mnono. Siku ya ukaguzi, mizani ya waandalizi ikasoma 8.3. Nikabisha, nikasema mizani yao mbovu. Mzee aliyekuwa akikagua hakubishana nami. Alivuta bolti, kile chuma kinachofunga chemba ya risasi, nyuma akanionyesha. Nyumbani bolti huwa naifungia sanduku lake, mbali na bunduki. Nilikuwa nimepima bunduki isiyo na bolti.

Ilinibidi niondoe kivuli cha darubini na vipande viwili vya shavu la kitako, ndipo ikashuka. Nilipiga siku nzima jua likinichoma kwenye lenzi. Kwa hiyo ukipima, weka bolti, baipodi, darubini, kivuli chake, na mkanda kama utautumia. Acha nafasi ya gramu 100 au zaidi, maana mizani hazifanani. Kwa TR, pima pia uzito wa kifyatulio: bunduki isimamishwe wima ikiwa imekokiwa tayari kufyatua, bila risasi ndani, kizito kitundikwe kwenye kifyatulio na kuinuliwa polepole. Ikibofyeka kabla kizito hakijaacha sakafu, umefeli. Kipimo chenyewe kisome kwenye kitabu cha kanuni cha mwaka huo, usichukue cha kuambiwa.

Bunduki ikishakuwa vile itakavyokuwa siku ya mashindano, ndipo uandike.

Mdhamini kule, si wewe huku

Wengi wanakosea hapa. Kibali cha mgeni cha silaha nchini Uingereza, kinachotokana na kifungu cha 17 cha Sheria ya Silaha (Marekebisho) ya 1988, hakiombwi na mgeni. Kinaombwa na mdhamini anayeishi kule, kwa polisi wa eneo lake. Mdhamini anaweza kuwa mtu binafsi au klabu. Kibali hakizidi miezi 12, na ombi la kundi linaweza kufanywa kwa pamoja, kwa hiyo kama mko timu msitume maombi kila mtu kivyake.

Mwandikie mdhamini mapema, miezi mitatu au minne kabla. Mtumie nakala ya pasipoti, nakala ya leseni yako ya silaha ya nyumbani, barua ya klabu yako inayothibitisha kwamba wewe ni mlengaji na unajua usalama wa uwanja, uthibitisho wa kusajiliwa kwenye mashindano, na tarehe za kuingia na kutoka. Kisha maelezo ya bunduki: aina, kaliba, namba ya mfululizo (serial number) iliyochongwa kwenye mwili wa bunduki.

Hiyo namba isome kwa tochi. Usinakili kutoka kwenye leseni ya zamani, kwa maana karani aliyeichapa huenda alisoma herufi O akaandika sifuri. Piga picha ya namba yenyewe na umtumie mdhamini pamoja na maandishi. Ikiwa leseni yako na chuma havisomani, sahihisha leseni kwanza. Na ukiwa wa F-Open, ukabadilisha mtutu kutoka 6.5 kwenda milimita 7 baada ya ombi kupelekwa, kibali ulicho nacho ni cha bunduki nyingine.

Makaratasi ya nyumbani

Kwa Kenya, Sheria ya Silaha, Sura ya 114, inataka kibali cha kutoa silaha nchini, na ofisi ya kwenda ni Bodi ya Leseni za Silaha. Peleka barua ya mwaliko, tiketi au mpango wa safari, leseni, na nakala ya kibali cha Uingereza ikishatoka. Angalia leseni yako inaisha lini. Ikiisha ukiwa Surrey, utarudi Jomo Kenyatta ukiwa na bunduki isiyo na leseni, na hapo hakuna wa kukusikiliza habari za medali. Ihuishe kabla ya kuondoka hata kama imebaki miezi miwili. Ndugu zetu wa Tanzania wana Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya 2015, na hatua zao za nyumbani ni tofauti. Kuanzia kwa mdhamini kwenda mbele, njia ni moja.

Viza ni ya mgeni wa kawaida. Kushiriki mashindano kama mchezaji wa ridhaa kunaruhusiwa humo. Huwezi kuomba zaidi ya miezi mitatu kabla ya safari, kwa hiyo kibali cha silaha na viza vinaenda sambamba. Kwenye sababu ya safari andika wazi kwamba ni mashindano ya kulenga shabaha. Ukiandika utalii, kisha ukatokea forodhani na sanduku la bunduki, umejitafutia maswali.

Ndege

Piga simu kwa kampuni ya ndege kabla ya kulipa tiketi. Bunduki inasafiri tupu, kwenye sanduku gumu lenye kufuli, bolti imetolewa. Risasi, kama lazima, huwa kilo 5 kwa abiria pamoja na vifungashio, kwenye mzigo wa chini, na huwezi kumbebea mwenzako za kwake. Ukibadilisha ndege njiani, uliza nchi hiyo inataka kibali gani cha kupitisha. Safari ya moja kwa moja ni ghali zaidi, lakini nimeona mtu akifika Bisley siku mbili kabla ya sanduku lake.

Ukitua, pita mlango mwekundu wa forodha, ujitambulishe mwenyewe, utoe kibali. Usingoje kuulizwa.

Kwenye mstari

Ukaguzi unaweza kukukuta wakati wowote, hata ukishamaliza kupiga. Ukiinuka uwe na bolti wazi na kibendera cha chemba, kile kinachoonyesha kwamba hamna risasi ndani, mahali pake.

Bisley mnalala wawili au watatu kwa shabaha moja, mnapokezana. Una sekunde 45 kwa kila risasi. Mwenzako anaandika alama zako, wewe unaandika za mwingine, na zinatangazwa kwa sauti: duara la ndani kabisa ni V, lenye thamani ya 5, kisha 5, 4, 3, 2, 1. Risasi mbili za kwanza ni za kujaribia, na unaweza kuamua kuzihesabu: zote mbili, au ile ya pili peke yake. Ukiandika alama za mwenzako usimsaidie hata kwa tabasamu. Kwenye mashindano ya mtu mmoja mmoja ni marufuku kumwelekeza mtu upepo, na upepo ndio mchezo wenyewe: kwa yadi 1,000, upepo wa ubavuni wa kilomita 16 kwa saa unaisukuma risasi ya .308 zaidi ya mita mbili. Neno moja ukinong'ona, umempa mtu kombe. Kwenye mechi za timu kocha anaruhusiwa, na hapo ongea hadi ukauke koo.

Ukiona alama iliyoonyeshwa si sahihi, omba ikaguliwe upya kabla risasi inayofuata haijapigwa. Usigeuke kumlaumu mwandishi. Inua mkono, mwambie ofisa wa mstari, na kule kwenye handaki lililo chini ya shabaha watachunguza tundu. Kuna ada kidogo, nayo hurudishwa ukionekana una haki. Na ukipiga shabaha ya jirani, hiyo ni sifuri yako. Sema mara moja, kwa maana jirani ana tundu lisilo lake na saa yake inakimbia.

Kurudi

Nakala mbili za kila karatasi, moja kwenye mkoba wa mkononi, moja ndani ya sanduku la bunduki. Mjulishe mdhamini siku unayotoka Uingereza, kwa maana jina lake ndilo liko kwa polisi. Jomo Kenyatta, usitoke na wenzako kwenda kupiga picha na jamaa. Ingia forodhani na kwa polisi kwanza, namba ya bunduki isomwe mbele yako na ilinganishwe na kibali ulichotokea nacho. Hapo toa tochi yako tena.