Kabla ya kumpa mgonjwa wa kisukari Septrin au Cipro

Wauguzi wenzangu, mgonjwa wa kisukari akiandikiwa antibayotiki ya siprofloksasini (Cipro) au Septrin kwa maambukizi ya njia ya mkojo, usimkabidhi bahasha ya dawa kabla hujajua anatumia kidonge gani cha sukari. Wengi hawalijui jina. Mwombe atoe vidonge mkobani, usome mwenyewe.

Ukikuta glibenklamidi, simama hapo hapo. Dawa hizi zikikutana sukari inaweza kushuka vibaya, hasa kwa mzee au mwenye figo dhaifu. Mwambie daktari, mara nyingi ipo antibayotiki nyingine. (Metformini, kidonge kingine cha sukari, ikiwa peke yake hainitii hofu hiyo.)

Ikilazimika azitumie pamoja, pima sukari mara kwa mara, na umweleze yeye na anayeishi naye dalili: jasho jembamba, mikono kutetemeka, moyo kwenda mbio, kuongea ovyo. Jamani, bibi aliyekuwa akiongea vizuri asubuhi akianza kukujibu kombo, usiseme ni homa au uzee. Choma kidole, pima.

Ikisoma chini ya 4 mmol/L na anameza vizuri, mpe vijiko vinne vya chai vya sukari kwenye maji, upime tena baada ya dakika 15. Aliyepoteza fahamu asinyweshwe chochote; huyo anahitaji dekstrosi (maji ya sukari) ya mshipani. Na akizinduka asiruhusiwe haraka kwenda nyumbani: glibenklamidi hukaa mwilini muda mrefu, sukari inaweza kushuka tena usiku amelala.