Kuweka kitabu mtandaoni kutoka kwenye repo kwa mdBook: chapisha kwanza, andika baadaye

Watu wengi wakitaka kuweka kitabu mtandaoni wanaandika sura kumi kwanza, afu siku ya kuchapisha ndo wanaanza kuhangaika. Mi nakwambia fanya kinyume. Chapisha kikiwa na ukurasa mmoja wenye sentensi moja, kikishaonekana kwenye brauza ndo ukae uandike kwa raha zako, maana kikigoma kikiwa na ukurasa mmoja unajua pa kutafuta, kikigoma kikiwa na kurasa mia mbili utakesha.

Natumia mdBook. Ni programu ya faili moja tu, imeandikwa kwa Rust, haina mlolongo wa vitu vya kuinstoli, unaandika Markdown (maandishi ya kawaida yenye alama chache za vichwa na linki), yenyewe inakutolea tovuti yenye menyu pembeni na sehemu ya kutafuta. Unahitaji pia git (programu ya kutunza mabadiliko ya mafaili) na akaunti ya GitHub, ambako repo, yaani folda ya mradi wako, itakaa. Kama akaunti yako ni ya bure repo lazima iwe ya wazi, GitHub Pages (huduma yao ya kuweka tovuti mtandaoni) haikubali repo ya siri kwa akaunti hiyo.

Hatua ya 1: instoli

Kama una Rust kwenye mashine, andika hii kwenye terminali:

```
cargo install mdbook
```

Inachelewa kidogo kwa sababu inakompaili kila kitu, usidhani imeganda. Kama huna Rust usijisumbue kuiweka kwa ajili ya hili tu, ingia kwenye repo ya mdBook, sehemu ya matoleo, shusha faili la mfumo wako, lifungue, liweke kwenye folda ambayo ipo kwenye PATH (orodha ya folda ambamo mashine inatafuta programu). Basi.

Hatua ya 2: anzisha kitabu

```
mdbook init kitabu
cd kitabu
mdbook serve --open
```

Ile ya kwanza itakuuliza kama unataka `.gitignore` (jibu y) na jina la kitabu. Hiyo `.gitignore` inazuia folda ya `book` isiingie kwenye git, na ni sawa kabisa, mle ndani ni HTML iliyozalishwa, huna sababu ya kuitunza. Ile ya mwisho inafungua `localhost:3000`, kila ukisevu faili ukurasa unabadilika wenyewe.

Hatua ya 3: SUMMARY.md

Hapa tulia. Faili la `src/SUMMARY.md` unaweza kudhani ni orodha ya yaliyomo tu, kumbe ndo kitabu chenyewe. Sura ambayo haijatajwa humo haipo, hata kama umeiandika kurasa thelathini na iko kwenye folda ileile.

```
# Yaliyomo

[Utangulizi](utangulizi.md)

- [Kuanza](kuanza.md)
  - [Vifaa](vifaa.md)
- [Sura ijayo]()
```

Mstari usio na kistari unakuwa sura isiyo na namba, inafaa kwa utangulizi. Ukisogeza ndani kwa spesi unapata sura ndogo. Na mabano matupu maana yake sura bado, itaonekana kwenye menyu ila haibonyezeki, mi naipenda sana hiyo maana msomaji anajua kuna kitu kinakuja.

Sasa mtego. Ukitaja faili ambalo halipo, mdBook hailalamiki, inalitengeneza yenyewe likiwa tupu. Kwenye laptopu ni raha. Ila mimi niliwahi kuandika sura nzima, nikasahau `git add`, nikapushi (nikatuma GitHub), kila kitu kikawa kijani, yaani kazi imepita, kumbe kule kwenye seva faili halikufika kwa hiyo ikatengenezwa sura tupu ikachapishwa hivyohivyo, kichwa cha habari na weupe chini. Nimekuja kuambiwa na msomaji siku nne baadaye. Dawa yake ipo hatua inayofuata.

Hatua ya 4: book.toml

```
[book]
title = "Kitabu Changu"
language = "sw"

[build]
create-missing = false

[output.html]
site-url = "/kitabu/"
```

`create-missing = false` ndo dawa yenyewe, faili likikosekana inagoma badala ya kukudanganya. `site-url` iwe jina la repo yako na mikwaju pande zote mbili, bila hiyo ukurasa wa 404 (ule wa "haupatikani") unatoka bila staili. `language` usiiache, inaiambia brauza na visoma-skrini kwamba maandishi ni ya Kiswahili.

Hatua ya 5: GitHub

Tengeneza repo inayoitwa `kitabu`, na KABLA ya kupushi chochote ingia Settings, Pages, pale kwenye Source chagua GitHub Actions (mashine za GitHub zinazojenga na kuchapisha zenyewe kila ukipushi). Ukiruka hii, kazi itafika mwisho kabisa afu ifeli na 404, nawe utaanza kuilaumu YAML, yaani faili la maelekezo hapa chini, bure.

Weka hili kwenye `.github/workflows/chapisha.yml`:

```
name: chapisha
on:
  push:
    branches: [main]
permissions:
  contents: read
  pages: write
  id-token: write
jobs:
  kitabu:
    runs-on: ubuntu-latest
    environment:
      name: github-pages
    steps:
      - uses: actions/checkout@v4
      - run: |
          curl -sSL https://github.com/rust-lang/mdBook/releases/download/v0.4.40/mdbook-v0.4.40-x86_64-unknown-linux-gnu.tar.gz | tar -xz
          ./mdbook build
      - uses: actions/upload-pages-artifact@v3
        with:
          path: book
      - uses: actions/deploy-pages@v4
```

Namba ya toleo nimeifunga makusudi. Weka ileile unayotumia kwenye mashine yako (`mdbook --version` itakuonyesha), la sivyo iko siku kitabu kitabadilika sura bila wewe kugusa kitu.

Afu, ukiwa ndani ya folda ya `kitabu`:

```
git init -b main
git add .
git commit -m "mwanzo"
git remote add origin <anwani ya repo>
git push -u origin main
```

Fungua tabu ya Actions, subiri ikiwa kijani, nenda `jinalako.github.io/kitabu/`.

Kwako zinaonekana, kule hazionekani

Zinazogoma hivi ni picha, karibu kila mara. Sababu mbili. Ya kwanza, umeandika `/picha/ramani.png` ukianza na mkwaju. Kwenye `localhost:3000` kitabu kinaanzia kwenye mzizi kwa hiyo inafanya kazi, ila kule kinaishi ndani ya `/kitabu/`, brauza inaenda kutafuta picha nje ya nyumba. Toa mkwaju, andika `picha/ramani.png`, na folda ya `picha` ikae ndani ya `src`.

Ya pili, faili linaitwa `Ramani.PNG` nawe umeandika `ramani.png`. Windows na Mac kwa kawaida hazijali, kule wanajali kila herufi. Mi siku hizi kila faili naliita kwa herufi ndogo na vistari, hakuna spesi, nimeacha kubishana.

Na ukishaanza kupata wasomaji usibadilishe majina ya mafaili hovyo, linki walizosevu zitakufa. Ikibidi, ongeza hii kwenye `book.toml`, anayekuja na linki ya zamani atapelekwa kwenye mpya:

```
[output.html.redirect]
"/kuanza.html" = "maandalizi.html"
```