Mtoto mwenye aleji kwenye bamba la Kijapani: mwongozo wa mchomaji wa Shangani

Mimi ni mchomaji. Kazi hii nilijifunza Dar es Salaam kwenye mgahawa wa Kijapani, nikaosha vyombo muda mrefu kabla sijaruhusiwa kushika mwiko. Sasa nina bamba langu hapa Shangani, Mtwara: chuma kinene juu ya mkaa, wateja wamekaa kulizunguka, nachoma mbele ya macho yao. Wajapani huita teppanyaki. Teppan ni bamba la chuma, yaki ni kuchoma. Wala si mapishi ya kale: mgahawa wa Misono wa mjini Kobe ulianza nayo mwaka 1945, na vituko vya kurusha kamba wa baharini na kuwasha kitunguu moto vilipata umaarufu Marekani, baada ya Benihana kufunguliwa New York mwaka 1964.

Wazazi hunijia na swali lilelile: "Mjomba, humu kuna korosho?" Swali hilo silipendi. Sababu nitaieleza kwenye hatua ya nne.

Hatua ya 1: Ujue anachodhurika nacho, kisha uandike

"Ana aleji" haitoshi. Huku kwetu mambo haya huchanganywa sana. Mafuta ya ganda la korosho hubabua ngozi, na mama aliyebangua mchana kutwa vidole vikachubuka hajapata mzio wa chakula. Mzio wa chakula ni mwili kuipiga vita protini ya chakula chenyewe, hata ikiwa punje. Moto hausaidii: korosho iliyokaangwa mpaka ikawa nyekundu na kamba aliyeungua kwenye bamba wanadhuru vilevile. Kwa hiyo mpeleke mtoto kwa daktari, ujue ni nini hasa. Ukiambiwa ni korosho, uliza na pistachio, maana hizo mbili ni ndugu na mara nyingi huenda pamoja.

Kisha andika kikaratasi cha kumpa mpishi. Kifupi, herufi kubwa:

*Mtoto huyu hali KOROSHO, hali UFUTA. Hata kidogo. Hata mafuta yake. Hata kisu au mwiko uliogusa. Akila anaweza kubanwa pumzi.*

Mstari wa mwisho usiuache. Mpishi akisoma "hapendi", atapunguza. Akisoma "kubanwa pumzi", ataosha mikono.

Hatua ya 2: Ujue bamba limebeba nini

Hapa ndipo watu wengi hujikwaa, kwa sababu chakula cha Kijapani kinaonekana kitupu: nyama, mboga, wali. Tazama ninavyopika usiku mmoja. Naanza na siagi ya kitunguu saumu, hayo ni maziwa. Napasua mayai, nayatawanya, namwaga wali juu. Kamba wanafuata. Namiminia sosi ya soya, na watu hudhani hiyo ni soya tupu, kumbe ile ya kawaida hutengenezwa kwa soya na ngano. Mwisho matone ya mafuta ya ufuta na mbegu zake juu. Bamba moja, nusu saa: maziwa, mayai, kamba, soya, ngano, ufuta.

Ufuta ndio unaonipa wasiwasi zaidi. Lindi na Mtwara tunaulima, tunaupeleka mnadani, watoto wanakula kashata zake njiani wakitoka shule. Hakuna anayeuona kama kitu cha kuogopwa. Na mafuta ya ufuta ya Kijapani hukamuliwa kutoka mbegu zilizokaangwa, hayasafishwi hadi yakaisha harufu, kwa hiyo protini inabaki humo. Tone moja linaweza kutosha.

Vingine vinavyojificha: supu ya miso ni soya, na maji yake mara nyingi huchemshwa na samaki mkavu. Tempura, yaani samaki au mboga za kukaangwa ndani ya rojo, ni unga wa ngano, mara nyingi na yai. Mayonezi ni yai.

Hatua ya 3: Njoo mapema, na upige simu kabla

Saa kumi na mbili jioni bamba langu ni safi. Saa mbili usiku limeshapita kila kitu. Ukinipigia asubuhi natenga kikaango na jiko jingine. Ukinitajia aleji wakati meza tatu zinasubiri, nitakuitikia vizuri, lakini sitakuwa na mkono wa kukusaidia. Jumamosi za msimu wa korosho, pesa zikiwa zimetoka, usije kabisa na mtoto huyo.

Hatua ya 4: Uliza vizuri

Ukiuliza "kuna korosho?" mhudumu atajibu "hamna, mama." Hadanganyi. Anakukaribisha. Mgeni hajibiwi maneno ya kumvunja moyo, na huyo mhudumu huenda hajaingia jikoni leo.

Sema hivi: "Kaka, naomba nizungumze na mpishi mwenyewe." Akija, mpe kikaratasi, kisha: "Nitajie kila unachotia kwenye chakula cha huyu mtoto, kuanzia mafuta." Mwache ahesabu. Akisita kwenye sosi, omba chupa, soma mwenyewe. Halafu swali ambalo karibu hakuna anayeniuliza: "Utapikia wapi, na mwiko gani?"

Swali hilo nililipia. Nikiwa bado Dar, nilimchomea kuku binti mdogo asiyekula kamba. Bamba nililikwangua likang'aa, nikalifuta kwa kitambaa chenye mafuta. Baada ya dakika chache midomo ikamvimba, mabaka yakamtoka shingoni kama aliyepita kwenye upupu. Alipona. Kuku hakuwa na kamba. Mwiko wangu ndio uliokuwa na kamba. Kukwangua na kufuta kwa mafuta hakuondoi protini. Vitakasa mikono pia haviondoi. Inaondoka kwa maji na sabuni, basi.

Hatua ya 5: Agiza kirahisi

Kikaango chake, kilichooshwa. Samaki au kuku, kama anavila. Mafuta mapya ya alizeti kutoka chupa, siyo yaliyobaki kikaangoni. Chumvi na ndimu. Wali mweupe kutoka sufuria yake, wenye kijiko chake. Usione haya kwamba umeharibu Ujapani: Wajapani wenyewe huchoma kwa chumvi tu, huita shio. Chakula chake kipikwe kwanza, kiletwe kikiwa kimefunikwa.

Foili juu ya bamba siipendekezi. Inachanika, na sosi ya jirani inaruka.

Kama mzio wake ni wa kamba, msikae kwenye bamba kabisa. Wapo watoto wanaodhurika na mvuke wake tu. Kaeni meza ya pembeni, upande upepo unakotoka. Na mwambie mpishi asirushe chochote mdomoni mwa watoto.

Hatua ya 6: Mambo yakiharibika

Mara nyingi dalili huanza ndani ya dakika chache hadi saa mbili baada ya kula: mwasho, midomo kuvimba, kutapika, sauti kukwaruza, kukohoa mfululizo, mtoto kulegea. Kifua au koo vikiguswa, dawa ni adrenalini, hudungwa kwenye paja upande wa nje. Kama daktari alikupa sindano yake, tumia hapo hapo. Setirizini, ile dawa ya kawaida ya aleji, hupunguza mwasho, haifungui koo, kwa hiyo usikae ukisubiri ifanye kazi. Mlaze, miguu juu. Akishindwa kupumua mkalishe. Usimtembeze. Ita bajaji mpaka mlangoni, muende hospitali ya Ligula, na hata akichangamka njiani msigeuze, maana dalili zinaweza kurudi baada ya saa kadhaa. Ukija kwangu na mtoto wa namna hii, namba ya dereva ipatikane kabla sahani hazijafika.

Hatua ya 7: Kuondoka

Mabaki yake yafungwe mfuko wake. Ndugu zake waliokula kamba na ufuta wanawe mikono kwa sabuni, wafute na midomo, kabla hawajambeba. Na pale mlangoni kuna bibi mmoja anauza korosho kwenye vifuko, ana tabia ya kumtilia kila mtoto punje mbili kiganjani bila kuuliza mzazi. Nimeshamwomba. Bado anatia. Mshike mwanao mkono.