Gari halipigi stata? Washa taa kubwa kwanza

Kwa wenye magari ya viti saba yaliyokula miaka, haya ya gia otomatiki: ukizungusha ufunguo na gari likanyamaza, usikimbilie kununua betri. Lielekeze ukutani, washa taa kubwa, kisha piga stata huku ukiangalia mwanga. Taa zikififia hadi kuwa njano, betri imechoka au vichwa vyake vimeota kutu. Visugue kwanza, ni kazi ya dakika tano. Zikibaki kali na kukawa kimya kabisa, huenda umeme wa kuamrisha stata haufiki. Hapo kanyaga breki, peleka gia N (huru), jaribu tena. Likiwaka, shida ni swichi ya gia, ya ufunguo haina kosa. Likigoma, rudisha P (ya kuegesha), weka ufunguo ON na uutikise kidogo: taa za dashibodi zikipepesa, huenda vigusio vya shaba vinavyopitisha umeme ndani ya swichi ya ufunguo vimelika. Mara nyingi swichi hiyo ya umeme hubadilishwa peke yake nyuma ya silinda ya ufunguo (tundu unapouingiza), funguo zako zikabaki zilezile. Fundi akikwambia ununue seti nzima, muulize kwanza.

Kipimo hiki hakisaidii kama unasikia “tak” moja na taa hazififii. Hapo mshuku stata yenyewe. Wala kwa gari linalozima taa kubwa lenyewe wakati wa kupiga stata. Na usiutikise ufunguo ukiwa barabarani, injini inaweza kuzimika na usukani ukawa mzito ghafla.